SIMON KIMBANGU NA MAKOSA YA KUFIKIRI



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kueleza maisha ya Simon Kimbangu. Jina lake mnalijua. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya inchi yetu ya Kongo juu yake. Lakini wengi wetu, tukiulizwa alifanya nini, tunajibu kwamba alikuwa nabii, Wabeleji wakamfunga, basi. Alihukumiwa kwa maneno gani? Hapo tunanyamaza.

Sisi tumeona inafaa kuyaangalia maneno hayo. Mwalimu anapotufundisha makosa ya kufikiri tunayaandika katika daftari, tunayajibu katika mtihani, kiisha tunayasahau, kama vile ni maneno ya darasani tu. Haiko hivyo. Katika maisha ya Kimbangu tunaona watu wenye masomo, wenye vyeo na wenye vitabu, wakifikiri vibaya, na kufikiri kule kubaya kukamfunga mtu miaka thelathini mpaka kufa.

Kama kanisa lililotoka kwake linafundisha sawa na makanisa yetu ao hapana, hilo tunawaachia wachungaji. Sisi tutaangalia namna ya kufikiri tu.

KUZALIWA NA WITO WAKE

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, katika inchi ya Bakongo, upande wa magharibi wa Kongo. Mji mkubwa wa pande zile ulikuwa Thysville, unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Mama yake alikufa wakati yeye angali mtoto, akalelewa na mama mmoja wa jamaa yake, jina lake Kinzembo. Alifundishwa Neno la Mungu na wamisionari Wabatisti Waingereza wa Ngombe-Lutete. Alioa Marie Mwilu, na wote wawili walibatizwa siku moja, tarehe 4 Julai 1915. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Kwa hiyo alikuwa mtu kama baba zetu wengi: mtu wa kijiji, Mkristo Mbatisti, mwenye kufundisha wengine yale aliyoyapokea. Hakuwa na cheo, wala feza, wala bunduki.

Katika mwaka 1918, wakati ule homa kubwa iliua watu wengi sana duniani na Kongo vilevile, alianza kusikia mwito wa kuwachunga watu wa Mungu. Hakukubali upesi. Alisema hana masomo ya kutosha. Akaenda mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kutafuta kazi, kama Yona aliyekimbia Ninawi. Kazi haikumfaidia kitu, akarudi Nkamba.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliweka mikono juu ya mwanamke mgonjwa akamwombea, na watu wakashuhudia kwamba yule mama alipona. Habari ilienea kama moto katika majani makavu. Kwa majuma machache tu maelfu ya watu walikuwa njiani kwenda Nkamba, wengine kwa miguu, wengine kwa treni, wengine wakibeba wagonjwa wao. Kimbangu aliwahubiri watupe sanamu na dawa za uchawi, waache ngoma mbaya, mwanaume awe na bibi mmoja. Watu walitupa sanamu zao njiani kabisa. Vitabu vya nyimbo vilinunuliwa kwa wingi katika misioni.

KUFIKIRI KWA MAKUTANO

Tuanze na wale waliompenda, sababu makosa ya kufikiri hayakai upande wa adui peke yake.

Wengi waliokwenda Nkamba walisema: watu elfu na elfu wanakwenda kule, namna gani wote wanaweza kukosa? Kosa iko wapi hapo? Wingi wa watu unatuonyesha kwamba kuna jambo. Hautuonyeshi kwamba jambo lile ni kweli. Watu wengi wanaweza kushika ukweli pamoja, na wanaweza kupotea pamoja. Katika jangwa Israeli karibu wote walicheza mbele ya ndama ya zahabu.

Wengine walisema: fulani aliombewa, kiisha akapona, basi maombi ndiyo yalimponyesha. Sisi Wakristo tunaamini kwamba Mungu anaponyesha, na hatutaki kumcheka mtu anayeshuhudia hivyo. Lakini neno kiisha na neno sababu si neno moja. Jogoo anawika, kiisha jua linatoka. Lakini hata ukimchinja jogoo, jua litatoka kesho. Anayetaka kujua sababu lazima aulize tena: wangapi waliombewa na hawakupona? Wangapi walipona bila kuombewa? Na kama tukijibu kwamba wale wasiopona wote walikosa imani, tunakuwa tumefunga mlango. Akipona, tumesema kweli. Asipopona, tumesema kweli vilevile. Neno ambalo haliwezi kushindwa na kitu chochote, halijashinda kitu.

SERIKALI INAOGOPA

Sasa tugeuke upande wa pili. Wafanya kazi waliacha kazi kwenda kumwona nabii. Wagonjwa walitoka katika hospitali. Wanafunzi wa dini waliacha misioni ya Wakatoliki. Wenye kampani walilalamika, mapadri walilalamika, na gazeti la wazungu wa Léopoldville likaandika kwa ukali. Wamisionari Waprotestanti nao hawakuwa na wazo moja: wengine walifurahi, wengine waliogopa.

Tarehe 11 Mei 1921 bwana Léon Morel, mkubwa wa teritwari ya Thysville, alikwenda mwenyewe Nkamba kuona. Alikuta makutano wakiimba na kuomba, na Kimbangu akasoma mbele yake habari ya Daudi na Goliati. Morel alirudi na wazo kwamba jambo hili lazima lipigwe kabla halijakuwa kubwa. Tarehe 6 Juni alirudi pamoja na askari ili kumkamata. Fujo ikatokea, na Kimbangu akaponyoka. Alijificha kwa wafuasi wake miezi mitatu. Lakini tarehe 12 Septemba 1921 alirudi kwake Nkamba, wazi mbele ya watu wote, akakamatwa bila kupigana hata kidogo.

Mwezi wa Agosti pande zile zilikuwa zimewekwa chini ya sheria ya kijeshi. Kwa hiyo hakupelekwa mbele ya tribinali ya kawaida, lakini mbele ya tribinali ya askari, katika Thysville. Mwamuzi alikuwa komanda de Rossi. Kimbangu hakuwa na avoka wa kumsemea. Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikatoka: fimbo 120, kiisha kifo.

TUPIME HUKUMU ILE

Maneno ya hukumu ile yanajulikana, maana yaliandikwa. Ukiyasoma kwa utulivu unaona makosa ya daftari letu yakipita moja kwa moja, kama wanafunzi katika mstari wa asubuhi.

Kosa la kwanza: kuchukua matokeo kama kusudi. Watu waliacha kazi juu ya Kimbangu, hiyo ni kweli. Lakini kuacha kazi ili kwenda kumwona ni jambo moja, na yeye kuwaamuru waache kazi ili kuharibu serikali ni jambo lingine. Mchezo wa mpira ukifanya wanafunzi wakose darasa, hatusemi kwamba mpira ulitengenezwa kuua masomo.

Kosa la pili: kumhukumu mtu kwa maneno ya wengine. Kiisha Kimbangu, manabii wengine wadogo walisimama huku na huku. Wengine kati yao walisema maneno makali juu ya wazungu na juu ya kodi. Vilevile watu waliongea habari za Weusi wa Amerika, waliotaka Afrika irudishwe kwa Waafrika, na magazeti yakamchanganya Kimbangu katika habari hizo. Basi maneno ya hawa wote yakawekwa juu ya kichwa kimoja. Lakini kama mtu ni lazima ajibu kwa kila neno linalosemwa na mwenye kutumia jina lake, ni nani atakayesimama? Hata mitume walikuwa na watu waliotumia jina la Yesu bila kutumwa.

Kosa la tatu: mlango uliofungwa. Kundi la Kimbangu lilionekana kuwa kundi la dini: watu walisoma Biblia, waliimba, waliomba. Mwamuzi alisema dini ile ilikuwa kama kitambaa cha kufunika tu, na chini yake kulikuwa na mpango wa kupindua serikali. Angalieni vizuri neno hili. Kimbangu akipigana, ni mwasi. Akiomba, ni mwasi anayejificha. Akikimbia, ana kosa. Akirudi bila kupigana, bado ana kosa. Sasa afanye nini kusudi ionekane kwamba hana kosa? Hakuna. Pahali ambapo kila jibu ni ushuhuda wa kosa, hapo hapana kuuliza tena. Hukumu imetoka kabla ya maswali.

Kosa la ine, na hili ndilo kubwa kupita yote: mtelemko. Hukumu yenyewe ilikiri kwamba mpaka siku ile uadui ulikuwa umeonekana katika nyimbo, katika matusi na katika maasi madogo ya hapa na pale. Lakini ikasema kwamba mwendo wa mambo ungeweza kufika lazima katika uasi mkubwa. Tumeona? Kutoka nyimbo mpaka matusi, kutoka matusi mpaka uasi, kama jiwe linaloteremka mlima. Lakini mambo ya watu si jiwe. Kati ya hatua na hatua mtu anaweza kusimama, anaweza kugeuka. Mwenye kusema kwamba hatua ya kwanza italeta ya kumi lazima aonyeshe hatua za katikati, moja moja. Tribinali haikuzionyesha. Mtu alihukumiwa kifo juu ya kitu ambacho hakijatokea bado.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, labda uasi haukutokea kwa sababu walimfunga? Swali ni zuri. Lakini kwa kufikiri hivyo unaweza kumfunga kila mtu wa kijiji, na kila mwaka bila vita utasema kifungo ndicho kilichozuia vita. Ni kazi ya mwenye kushitaki kuonyesha kosa. Si kazi ya mshitakiwa kuonyesha kwamba kesho hatakosa.

MIAKA THELATHINI

Wamisionari Waprotestanti walimwomba mfalme amhurumie. Mwezi wa Novemba 1921 mfalme Albert wa Kwanza aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akapelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilometa 1500 mbali na Nkamba, pahali ambapo watu wanasema Kiswahili kama sisi, hapana Kikongo chake. Mahubiri yake yalidumu miezi mitano tu. Kifungo kilidumu miaka thelathini. Alikufa ndani ya kifungo tarehe 12 Oktoba 1951, bila kurudi kwao.

Na si yeye peke yake. Maelfu ya wafuasi wake walifukuzwa kutoka vijiji vyao wakapelekwa mbali. Wengine walitupwa Lowa, pahali ambapo mto Lowa, unaotoka katika milima yetu ya Kivu, unaingia katika mto mkubwa. Kule walipopelekwa wakahubiri. Kwa hiyo serikali, kwa kutaka kuzima moto, ilibeba makaa ikayapanda katika majimbo mengine. Marie Mwilu alibaki akiwashika waamini kwa siri.

Uasi ule mkubwa ambao mwamuzi aliuona katika mawazo yake, Wakimbangu hawakuufanya. Kanisa lao lilifundisha watu wake wasipigane. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya Wabeleji ililikubali. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba, na mwana wake Diangienda akaliongoza kanisa. Mwaka 2011 tribinali kuu ya kijeshi ya inchi yetu ilifuta hukumu ya 1921. Hukumu iliyoandikwa kwa siku chache ilichukua miaka tisini kufutwa.

NYOKA WA MELITE

Sasa tusigeuze upande tukaanguka katika shimo lingine. Wengine wanafikiri hivi: hukumu ya Wabeleji ilikuwa mbaya, kwa hiyo kila kitu kinachosemwa juu ya Kimbangu na wafuasi wake ni kweli. Hapana. Hukumu mbaya inaonyesha tu kwamba hukumu ni mbaya. Vilevile, mtu akitetea neno fulani kwa sababu mbovu, neno lile halijawa uongo. Labda ni kweli, lakini yeye hajui kulitetea. Lazima tupime neno lenyewe tena.

Mnakumbuka habari ya Paulo katika kisiwa cha Melite, katika Matendo ya Mitume sura ya 28. Nyoka alimwuma mkono, na watu wakasema bila shaka ni mwuaji. Walingoja aanguke. Alipokosa kuanguka, wakageuka mara moja, wakasema ni mungu. Mara mbili walitoa hukumu, mara mbili walikosa, na katikati hawakumwuliza Paulo hata neno moja. Na Kimbangu ni vile: hawa walisema mwasi, wale walitaka kumwinua kupita mtu. Kati ya maneno mawili hayo alikuwako mtu mwenyewe, mume wa Marie, baba wa watoto watatu, na wachache walitaka kumjua.

KWETU HAPA

Pengine mtu atasema: haya ni mambo ya wazungu wa zamani na ya Bas-Congo. Basi tuangalie kwetu.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Ukafika Butembo na Katwa, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2200 walikufa. Tulisikia nini wakati ule? Kwamba magari ya waganga yalifika, kiisha wafu wakawa wengi, basi waganga ndio walioleta ugonjwa. Kwamba waliopelekwa katika hospitali ya Ebola walikufa, basi hospitali ndiyo inaua. Kwamba uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, basi ugonjwa ulitungwa na wanasiasa. Ni jogoo na jua tena! Magari yanakwenda pahali ambapo ugonjwa umekwisha fika. Na mgonjwa aliyefichwa nyumbani siku nyingi anafika hospitali akiwa karibu na kufa. Watu walikuwa na sababu za kweli za kukosa kuamini wakubwa: miaka mingi waliuawa na hakuna aliyewalinda. Hasira yao tunaielewa. Lakini hasira ya haki haifanyi neno la uongo kuwa kweli. Hospitali zilichomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 munganga wa OMS aliyetoka Kameruni aliuawa Butembo ndani ya hospitali. Na wagonjwa waliokimbia msaada walikufa nyumbani pamoja na waliowatunza.

Na tena. Bibi kizee alimsalimia mtoto njiani, usiku mtoto akashikwa na homa: basi ni mchawi. Akikana, ni mchawi mkali, akinyamaza, amekubali. Mlango uliofungwa wa Thysville uko hapa katika vijiji vyetu. Kijana anatoka kijiji ambacho kundi la silaha limekaa: basi ni mtu wao. Anasema lugha fulani: basi ni adui. Anakataa kupiga: basi anasimama na wale wengine, kama vile duniani kuna njia mbili tu. Halafu watu wanaleta mawe, wanaleta petroli. Tribinali ya de Rossi ilichukua siku chache. Tribinali ya njia panda inachukua dakika tano, na hakuna mfalme wa kumwandikia barua.

MASWALI YA KUBEBA MFUKONI

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu zetu, mbebe maswali haya pamoja na kalamu. Ni nani aliona, na aliona nini yeye mwenyewe? Jambo hili lilifuata lile, ao lilitoka katika lile? Tunamshitaki mtu huyu kwa tendo lake, ao kwa tendo la jamaa yake, kabila lake, kijiji chake? Akiwa hana kosa, angeweza kuonyesha namna gani? Kama hakuna namna, sisi ndio wenye kosa. Kuna njia ya tatu ambayo hatujaitaja? Na neno hili, lingesemwa juu ya ndugu yangu wa tumbo moja, ningelikubali upesi hivi?

Maswali haya hayahitaji diploma. Yanahitaji mtu mmoja katikati ya makelele aseme: ngojeni kidogo. Katika Thysville mwaka 1921 mshitakiwa hakuwa na avoka. Hapa kwetu, siku watu watakapomzunguka mtu, labda avoka wake atakuwa mwanafunzi mmoja wa shule hii anayepita na vitabu vyake.

Mwenye kuwa na neno la kujibu ao la kutusahihisha, aandike karatasi ampe mwalimu wake. Tutaichapa katika namba inayofuata.

Ndugu zenu,
Waandishi wa gazeti